Zana Bila Mwalimu: Jinsi Programu za KKK Zilivyopimwa Tanga

Mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyotangazwa mwaka 2014 kwa ufadhili wa Elon Musk wa dola milioni 15, yanastahili kuchunguzwa na kila anayetafuta zana za kidijitali za kufundishia shuleni au nyumbani, si kwa ukubwa wa zawadi yake, bali kwa ukali wa masharti yake. Programu ilitakiwa kumfundisha mtoto stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa miezi 15, pasipo mwalimu wala intaneti.

Masharti hayo mawili ndiyo yaliyokuwa chujio. Programu nyingi wanazouziwa wazazi hudhani kwamba yupo mtu mzima pembeni wa kusoma maelekezo na kwamba mtandao haukatiki. Vikiondolewa hivyo, hubaki picha za kupendeza zisizojua kumwelekeza mtoto aliyekosea. Programu tano zilizofika fainali zilipelekwa mkoani Tanga, katika vijiji vipatavyo 170, ambako watoto wapatao 2,700, wengi wao wasiowahi kuingia darasani, walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua palepale kijijini. Watoto walipimwa kabla ya kuvishika na baada ya kipindi chote kwisha, kila mmoja peke yake, hivyo kilichoshindanishwa kilikuwa usomaji wa mtoto na si wingi wa michezo ndani ya programu.

Mtihani mwingine, ambao wanunuzi huupuuza, ulikuwa wa lugha. Kiswahili husomeka kwa silabi: mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu hukaribia kusoma “baba” na “bibi” siku hiyohiyo, ilhali mfumo wa Kiingereza wa kuanza na herufi moja na picha yake hukwama mapema, kwa kuwa majina ya vitu yanayoanza na A, ambayo mtoto wa kijijini anaweza kuonyeshwa kwa picha, ni haba. Hesabu nayo ina mtego wake. Mtayarishaji anayeandika sentensi moja na kuacha pengo la kujazwa tarakimu atapata “vikombe kimoja” au “machungwa viwili”, kwa sababu namba 1 hadi 5 na 8 hufuata ngeli ya jina, huku 6, 7, 9 na 10 zikibaki vilevile: vikombe vinane, lakini vikombe saba. Kasoro hiyo haiponi kwa kutafsiri maneno. Programu yenyewe hulazimika kusukwa upya kuanzia ndani. Mzazi anaweza kuitambua kwa dakika mbili, kwa kusikiliza tu kishikwambi kikihesabu vitu kutoka kimoja hadi kumi.

Mwezi Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kati ya washindani wawili, onebillion ya Uingereza, ambayo awali ilikuwa imefanya kazi Malawi kwa Kichewa, na Kitkit School. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada yake, idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Takwimu hiyo yafaa isomwe pande zote mbili, kwani nusu iliyosalia ilikuwa na kifaa kilekile kwa muda uleule, na hapo ndipo pengo la mwalimu linapoonekana waziwazi.

Msimbo wa programu hizo, yaani maandishi ya kompyuta yanayoziendesha, uliachwa huria ili yeyote autumie na kuubadili. Vishikwambi vyenyewe vilikuwa vya aina ya Pixel C, vilivyotolewa na Google, kampuni iliyoacha kuuza aina hiyo mwishoni mwa 2017, wakati uleule jaribio la Tanga lilipokuwa likianza.