Joto Kwanza, Maji Baadaye: Mbegu ya Mchikichi Inavyooteshwa Kigoma

Ukitoka Mwanga kushuka Ujiji, michikichi imesimama kila mahali: pembeni mwa nyumba, kwenye mipaka ya viwanja, hadi chini bonde la Luiche. Mingi haikupandwa na mtu. Chikichi lilidondoka, likafukiwa na majani au likabebwa na mnyama, na siku moja mche ukaonekana. Ndiyo maana mkulima wa hapa akiambiwa kwamba mbegu bora za mchikichi huwekwa kwanza ndani, kwenye chumba cha joto, kwa karibu miezi miwili kabla hazijatoa chipukizi, huuliza swali la haki kabisa: za nini gharama zote hizo wakati porini zinaota bure?

Zinaota bure, ndiyo, ila zinaota zinapotaka zenyewe. Chukua mbegu za mkungu mmoja, zisie siku moja kwenye tuta la nje na uzimwagilie kwa bidii. Moja itachungulia baada ya miezi kadhaa, nyingine mwaka ujao, na nyingi hazitaonekana kamwe. Panya nao watakuwa wamekula sehemu yao. Kwa mti mmoja wa uani hilo halina shida. Kwa mtu anayetaka miche ya ekari nzima, yenye umri mmoja na kimo kimoja, ni hasara tupu.

Ivunje mbegu uone ugumu ulipo. Nje kuna ganda jeusi, gumu kama mfupa, lenye matundu matatu kama yale ya nazi. Ndani yake ni mise, nyama nyeupe iliyojaa mafuta. Kiinitete kiko ndani ya nyama hiyo, mkabala na tundu moja, na urefu wake ni milimita tatu hivi. Kati yake na dunia kuna kizibo kidogo cha nyuzinyuzi kilichokaza. Kiinitete kiko hai na kina chakula cha kutosha, lakini kimelala, na kikiwa usingizini hakina nguvu ya kukisukuma kizibo hicho. Maji peke yake hayakiamshi. Mahindi na maharage yametuzoesha kwamba mbegu huamshwa na maji, na hapo ndipo wengi wanapoanza vibaya. Mchikichi huamshwa na joto.

Asili yenyewe inatuonyesha. Chini ya kivuli kizito cha msitu mbegu hukaa ardhini bila dalili yoyote. Pori likifyekwa au moto ukipita na jua likaanza kuipiga ardhi, miche huchomoza. Ukienda kaskazini ya mji wa Kigoma, kwenye hifadhi ya Gombe, sokwe hula machikichi kwa wingi. Hutafuna nyama ya nje na kuitupa kokwa nzima, kwa sababu wa huku hawana desturi ya kupasua kokwa kwa mawe kama wenzao wa Guinea. Ni wasiaji wazuri sana. Hata hivyo kokwa waliyoiangusha kivulini na ile waliyoiangusha mahali pa wazi hazina bahati sawa.

Wenye mashamba makubwa waliligundua hilo mapema, wakaanza kuzirundika mbegu kwenye masanduku ya mchanga yaliyopashwa moto, au juu ya mbolea inayochacha. Zilichipua, lakini kwa fujo. Maelezo ya kwa nini yalikuja miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, hasa kutokana na kazi ya taasisi ya utafiti wa michikichi ya Afrika Magharibi iliyokuwa karibu na mji wa Benin, Nigeria. Watafiti waliona kwamba joto na maji ya kutosha vikienda pamoja, mbegu zilizo tayari huanza kuchipua mle mle ndani ya joto, nyingine bado, na ukungu hupata karamu yake: chipukizi hupata madoa ya kahawia na kuoza. Dawa yao ilikuwa kuzitenganisha kazi hizo mbili. Mbegu ipewe joto ikiwa na unyevu wa wastani, usiotosha kuchipua. Ikishaiva kwa joto, ndipo inyweshwe.

Utaratibu wenyewe, unaofuatwa hadi leo kwa mabadiliko madogo, uko hivi. Mbegu husafishwa nyama yote ya nje, kwa sababu mabaki ya mafuta hualika kuvu. Huloweshwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa kila siku, kisha hukaushwa kivulini mpaka unyevu wake ufike kiasi cha asilimia 18. Hutiwa dawa ya kuvu na kufungwa ndani ya mifuko ya plastiki yenye nafasi ya hewa, halafu hukaa kwenye chumba cha nyuzijoto 39 hadi 40, usiku na mchana, kwa siku 60 hivi. Mara moja kwa wiki mifuko hufunguliwa ibadilishe hewa. Kipindi hicho kikiisha huloweshwa mara ya pili hadi unyevu upande kufikia asilimia 22 au zaidi kidogo, hupunga kivulini kwa muda mfupi mpaka ule mng'ao wa maji upotee juu ya ganda, na hurudishwa mifukoni kwenye joto la kawaida la chumba. Kwa wiki moja au mbili hakuna cha kuona. Halafu kitufe cheupe kinatokeza tunduni, na ndani ya mwezi au mwezi na nusu mbegu nyingi zinakuwa zimechipua. Kazi ikifanywa vizuri, ni zaidi ya nane katika kila kumi.

Hapo hutokea hoja ya jua. Ujiji si baridi. Kwa nini mifuko isianikwe juu ya bati? Kwa sababu kinachotakiwa ni joto lisiloyumba. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi hapa mtu hutafuta shuka. Mfuko wa plastiki juu ya bati adhuhuri unaweza kupanda kupita kiasi na kukiua kiinitete, na alfajiri ukawa umepoa kabisa. Mtu mwenye subira anaweza kupata baadhi ya mbegu kwa njia hiyo, na simcheki anayejaribu. Ila asitarajie miche ya ekari moja kuchipua mwezi mmoja.

Kuna kosa jingine la nje, la kienyeji hasa. Watu huokota kokwa kwenye marundo ya mahali panapokamuliwa mawese, wanazisia, wanasubiri. Machikichi yale yalichemshwa kwenye mapipa kabla ya kukamuliwa. Kokwa zake zinafaa kupasuliwa zitolewe mise, basi. Mbegu iliyochemshwa haitaota, umwagilie usimwagilie.

Maotea ya uani yana kasoro ambayo chumba cha joto hakiwezi kuitibu: uzazi. Michikichi mingi ya zamani ya Kigoma ni dura, yenye ganda nene na nyama kidogo ya kutoa mawese. Mwaka 1941 watafiti wa kituo cha Yangambi, Kongo, Beirnaert na Vanderweyen, walionyesha kwamba tenera, yenye ganda jembamba na mafuta mengi, ni mtoto wa dura na pisifera, aina isiyo na ganda ambayo kwa kawaida mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Mkulima akiona tenera nzuri kwa jirani huomba mbegu zake, na hapo hesabu inamgeukia. Tenera kwa tenera huzaa kwa wastani robo dura, nusu tenera na robo pisifera. Robo ya shamba ni miti mikubwa, ya kijani, isiyozaa kitu, na atakuja kuijua baada ya kuilea miaka mitatu au minne.

Kinachochekesha ni kwamba mbegu halisi ya tenera, ile inayotoka kwa mtaalamu aliyefunika ua la dura na kulipaka chavua ya pisifera, ukiishika mkononi ina ganda nene. Ganda ni sehemu ya mama. Mtoto yuko ndani. Asiyejua anaweza kuikataa akidhani ameuziwa dura.

Kazi hiyo ya ndani sasa hufanywa hapa hapa mkoani. Mwaka 2018 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipoanzisha msukumo wa kufufua zao hili, kituo cha Kihinga kilikabidhiwa kwa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kiwe kitovu cha mchikichi. Mgawanyo huu naona ni sahihi: joto na uchavushaji vibaki kwa wenye vyumba, vipimajoto na miti wazazi inayojulikana, na mbegu iliyokwisha kuchipua ndiyo itoke nje kwenda kwenye vitalu. Kumfundisha kila mkulima wa Simbo au Ujiji kujenga chumba cha nyuzi 40 ni kumpa mzigo wa umeme na kuni bila sababu.

Ikishatoka nje, mbegu haina haja ya chumba tena. Inasiwa kwenye kiriba kidogo, kina cha sentimita mbili au tatu, kijichipukizi chenye ncha kikielekezwa juu na mzizi, ambao ncha yake ni butu zaidi na una rangi ya kahawia kwa mbali, chini. Anayeharakisha hupanda kabla ncha hizo hazijatofautiana, akapata miche iliyojikunja. Kivuli chepesi kwa miezi mitatu ya mwanzo, maji kila siku, kisha kiriba kikubwa na jua kamili hadi mche ufikishe miezi kumi au kumi na miwili. Katika miezi ile ya mwanzo mbegu isibanduliwe kwenye mche: ndani ya ganda mmea umeota kinyonyaji kinachoendelea kula ile mise.

Sasa rudi nyuma kwa kalenda. Mvua za Kigoma huanza kukaza Novemba, na huo ndio wakati wa kupanda shambani, mita tisa kwa pembetatu, miche 143 kwa hekta. Kiriba kilijazwa Novemba au Desemba ya mwaka uliotangulia. Mbegu iliingia kwenye maji ya kwanza Julai au Agosti kabla ya hapo, na mkungu wake ulichavushwa kiasi cha miezi sita nyuma zaidi. Anayekwenda kuulizia miche mvua ikiwa imeshanyesha amechelewa kwa karibu miaka miwili, na kwa kawaida atapewa ile iliyosalia kitaluni, mirefu myembamba, ambayo mizizi yake imeshatoboa kiriba na kuingia ardhini.