Makasha ya Kanda ya Satchmo

Kasha lenyewe ni la karatasi ngumu, la mraba, upande wake kama sentimita 18, saizi ya kutosha gurudumu moja la ukanda wa sauti. Kiwandani lilitoka na jina la kampuni na mistari ya kuandikia yaliyorekodiwa. Louis Armstrong, aliyeitwa pia Satchmo, aliyafunika yote hayo. Alishika mkasi, akakata picha ya gazetini kwa kuufuata ukingo wa bega na kofia, akaondoa kila kilichokuwa nyuma ya mtu yule. Picha ikakaa kando ya telegramu, kando ya kipande cha programu ya onyesho, kando ya kadi ya salamu za mashabiki. Kisha akaijaza selotepu juu yake, kipande baada ya kipande, kila kimoja kikikilalia kidogo mwenzake, mpaka kifuniko kizima kikawa na ngozi nyembamba inayong'aa.

Nimezitazama picha za makasha hayo kwa muda mrefu, na kinachonivuta ni mkato wa mkasi. Ni mpiga tarumbeta na mwimbaji aliyesafiri sehemu kubwa ya mwaka, lakini mkasi wake hauna haraka. Unazunguka kidole kimoja kimoja. Unaingia katikati ya mkono na kiuno na kutoa kipembe cha karatasi ambacho mwingine angekiacha. Katika barua aliyomwandikia rafiki mwaka 1953 alieleza kwamba hiyo ndiyo burudani yake: kusoma, kuchagua kinachompendeza, na kukiunganisha na vingine. Makasha aliyoyapamba hivyo ni zaidi ya 500, mengi mbele na nyuma.

Ndani ya makasha ndimo zilimokuwa kanda. Armstrong alizaliwa New Orleans mwaka 1901 na kufariki Julai 1971 nyumbani kwake Corona, mtaa wa Queens jijini New York, katika nyumba ambayo mkewe Lucille aliinunua mwaka 1943. Aliacha kanda zaidi ya 600 alizozijaza mwenyewe. Nyingi hazikurekodiwa kwa ajili ya kuuzwa. Ni za mtu aliyependa sauti kiasi cha kutotaka ipotee: mazungumzo ya mezani na Lucille, vichekesho vya wanamuziki nyuma ya jukwaa, santuri alizozinakili moja moja, mazoezi, na nyakati nyingine tarumbeta yake ikipigwa juu ya santuri inayozunguka.

Mtu huyu alikuwa na sababu ya kukijua vizuri chombo cha kunasa sauti. Mwaka 1923, alipoingia studio ya Gennett mjini Richmond, Indiana, na bendi ya King Oliver, hapakuwa na maikrofoni. Wanamuziki waliipigia pembe kubwa ya bati iliyosukuma sindano kuchonga nta, na inasimuliwa kwamba Armstrong alisimamishwa mbali na wenzake kwa kuwa sauti yake iliwafunika. Kosa moja, na nta nzima imeharibika. Ukanda wa sumaku ulipofika mikononi mwake, ulimpa alichokosa kijana yule: kufuta, kurudia, kuendelea. Akaagiza sanduku kubwa la safari lenye vinasa sauti na kifaa cha kuchezea santuri, likawa linafuatana naye hotelini na katika vyumba vya kuvalia. 

Armstrong hakukusanya tu. Kanda nyingi alizipa namba, akaandika kwa mkono kilichomo, wimbo kwa wimbo, mtu kwa mtu. Alipotoka hospitali ya Beth Israel mwaka 1969, moyo na figo zikiwa zimemchosha, madaktari walimkataza kupiga tarumbeta. Akapanda kwenye chumba chake cha kazi, chenye mashine mbili zilizojengewa ukutani, akaanza kuzipanga kanda upya na kuzipa namba upya. Wengi wetu tungesema mgonjwa huyo alikuwa akijipitishia muda. Ukizifuata kurasa alizoziandika unaona kazi ya mkutubi: kipi kiko upande wa kwanza, kipi upande wa pili, kipi kimenakiliwa kutoka wapi.

Lucille alivitunza vitu hivyo mpaka alipofariki mwaka 1983. Vilihamia kwenye maboksi, na maboksi yakasubiri. Mwaka 1991 Chuo cha Queens kilimwajiri Michael Cogswell aanze kuyafungua na kuyapanga, na miaka mitatu baadaye hifadhi ikafunguliwa kwa watafiti. Hapo ndipo ulimwengu ulipoanza kugundua kilichokuwamo ndani ya makasha yale ya rangi, na hapo ndipo mafundi wengine walipohitajika.

Kazi ya kuutoa ukanda wa zamani sauti yake huanza kwa pua. Fundi analifungua kasha na kunusa. Harufu ya siki ina maana kwamba ukanda ni wa asetati, plastiki iliyotumika sana Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kwamba umeanza kuoza. Kisha analiinua gurudumu kuelekea kwenye taa na kulitazama kwa ubavu. Asetati hupitisha mwanga. Poliesta iliyokuja baadaye huuzuia. Tofauti hiyo inaamua jinsi ya kuushika. Poliesta ikivutwa hunyooka kama mpira, na sauti iliyonyooka nayo hairudi tena. Asetati haivutiki, hukatika, lakini hukatika mkato safi ambao unaweza kuungwa bila kupoteza hata herufi ya neno. Kuna kanda za miaka ya 1970 ambazo huwekwa kwenye joto la chini kwa saa nyingi ili gundi yake iache kunata. Asetati ukiitia katika joto hilo umeiua. Fundi asiyejua kunusa na kutazama taa hastahili kuigusa kazi hii.

Panapohitaji kuungwa, ukanda unalazwa kwenye kijibao cha chuma chenye mfereji wa upana wa milimita 6 na kitu. Ncha mbili zinakutanishwa, na juu yake inabandikwa tepu maalumu ya kuungia, upande usio na sauti, kisha inasuguliwa kwa ukucha mpaka viputo vya hewa viishe. Selotepu ya kawaida, ile ile aliyoipenda Armstrong kwa makasha yake, hairuhusiwi hapa: gundi yake hutambaa, hushika mzunguko ulio juu na ulio chini, na kuunganisha sauti ambazo hazikupaswa kukutana.

Mashine nayo inatayarishwa. Pamba iliyochovywa kwenye spiriti safi inapitishwa kwenye vichwa vya kusomea mpaka itoke nyeupe. Sumaku iliyojikusanya kwenye chuma inaondolewa. Ukanda unazungushwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, bila kufungwa breki kwa ghafla.

Halafu inakuja hatua ninayoistaajabia kuliko zote. Kichwa kilichorekodi mwaka 1951 kilikaa kwa mwelekeo wake, pengine kimepinda kidogo kuliko inavyotakiwa. Kichwa kinachosoma leo lazima kipinde vivyo hivyo, la sivyo sauti za juu zinafifia: matoazi yanakuwa kitambaa, herufi ya "s" inazama. Kuna skrubu ndogo kando ya kichwa. Fundi anavaa hedifoni, anaunganisha mikondo yote kuwa mmoja, na kuigeuza skrubu robo ya robo. Anasikiliza. Anarudi nyuma kidogo. Sauti inapofunguka, mkono unaacha. Armstrong alitumia zaidi ya mashine moja, na ukanda uleule ungeweza kujazwa kwa siku tofauti, kwa hiyo marekebisho ya dakika ya 10 huenda yasifae dakika ya 30. Skrubu inageuzwa tena.

Mwendo ni mtihani mwingine. Vinasa sauti vya nyumbani vilikwenda kwa sentimita 9.5 au 19 kwa sekunde, na mrekodi angeweza kubadilisha katikati. Fundi anautafuta mvumo wa umeme uliojipenyeza ndani ya ukanda: umeme wa Marekani hutikisika mara 60 kwa sekunde, na mvumo ukisikika kwenye kiwango hicho, mwendo uko sawa. Ila mvumo nao hudanganya. Mashine ya Marekani ikichomekwa kwenye umeme wa Ulaya, wa mara 50, mota yake huenda polepole. Ukanda ule ukija kuchezwa New York unakwenda kasi, na mvumo wa 50 unapanda na kutua 60 kamili. Vipimo vinasema sawa, na bendi nzima imepanda juu. Hapo fundi anaviacha vipimo na kulitegemea sikio: wimbo ambao bendi iliupiga kila usiku katika ufunguo uleule, na sauti ya Armstrong yenyewe, ambayo uzito wake haufichiki.

Baada ya hayo yote ndipo kitufe cha kurekodi kinabonyezwa, na ukanda wa saa moja unachukua saa moja. Hakuna njia ya mkato. Fundi anakaa nao mpaka mwisho, hedifoni masikioni, kurasa za Armstrong mbele yake, akilinganisha kinachosikika na kilichoandikwa.

Tangu mwaka 2018 makumbusho ya nyumba ya Corona yameuweka mkusanyo huu kwenye intaneti, makasha pamoja na sauti. Selotepu ya makasha mengi imegeuka njano, na kuibandua ni kuing'oa picha. Na bado mtafiti anayetaka kujua kilichomo upande wa pili wa ukanda fulani anaweza kuanza kwa kuusoma mwandiko wa Armstrong mwenyewe.