Farasi Aliyedharauliwa na Hesabu ya Kamari

Ndugu msomaji, mwaka 1975 Mmarekani mmoja, mwandishi wa habari za mbio za farasi, Andrew Beyer, alitoa kitabu kiitwacho Picking Winners. Humo anafundisha kumpima farasi kwa mbio zake zilizopita: huchukuliwa muda aliokimbia, ukasawazishwa kwa masafa na kwa hali ya uwanja siku ile, ikatoka nambari moja. Kwa nambari hiyo farasi wa uwanja huu hulinganishwa na wa uwanja ule, na mcheza kamari humtafuta yule aliyedharauliwa na watu, ambaye dola moja juu yake huahidi dola 20 au 50.

Insafu ni wajibu. Elimu hiyo ni elimu kweli, na kumjua farasi si haramu. Mtume (S.A.W.) aliandaa mbio za farasi Madina: waliozoezwa wakapewa masafa marefu, na wasiozoezwa mafupi. Na mafakihi wameruhusu tuzo itolewayo na mtawala, au na mtu asiyeshindana. Basi ila haiko katika mbio wala katika hesabu. Ila iko katika dau.

Tazama fedha zinavyokwenda. Huko Marekani madau hutiwa kapu moja. Mwenye uwanja hukata fungu lake kwanza, aghalabu 15 hadi 20 katika kila 100, na kinachobaki hugawiwa waliopatia. Hakuna kilicholimwa wala kilichouzwa. Anachopokea mshindi ni cha mwenziwe aliyekosa, tena kimekwisha kupunguzwa.

Hata kwa mizani ya dunia hoja hii ina ufa. Mwaka 1949 mwanachuoni wa Kimarekani, Richard Griffith, alionyesha kuwa watu huwawekea farasi wasiotarajiwa fedha nyingi kuliko wanavyostahili. Yaani hao ndio walio ghali. Atajibu mwenye kitabu: mimi huchagua kwa nambari. Lakini tangu 1992 nambari hizo za Beyer huchapishwa katika gazeti la mbio, Daily Racing Form. Siri wakiijua wote, malipo hushuka, na faida huondoka.

Na mwaka 2022, katika Kentucky Derby, alishinda Rich Strike, farasi wa 80 kwa 1, aliyeingizwa siku moja kabla, baada ya mwingine kujitoa. Kabla ya hapo alikuwa ameshinda mara moja tu. Mbio zake zilizofuata, za Belmont, akatoka wa sita. Nambari ipi ilimtabiri siku ile, na ipi ilimtetea baadaye?

Lakini kosa kubwa la maandishi ya namna hii ni kuivika kamari kanzu ya kazi. Mwenye kubahatisha ovyo huenda siku moja akaona haya. Mwenye daftari hujiita mtafiti, na haya humwondokea. Qur'ani Tukufu, katika Al-Baqara aya ya 219, haikukana kuwa kamari ina manufaa kwa watu. Imehukumu kuwa dhambi yake ni kubwa zaidi. Na Al-Maida aya ya 91 imetaja matunda yake: uadui, chuki, na kusahau Sala.

Usiseme, ewe mzazi, kuwa haya ni ya Marekani. Kijana wako ana simu mkononi, anakagua matokeo matano ya nyuma ya kila timu, kisha anapanga mkeka. Ukimuuliza atakwambia, "Sibahatishi, baba, napiga hesabu." Usimtukane, kwani akili anayo. Mwulize jambo moja tu: fedha hiyo ukiipata, imetoka mfukoni mwa nani, na kwa kubadilishana nini?

Kisha umpe akili ile kazi yake. Mfundishe faraidhi, agawanye mafungu ya warithi bila ya kumdhulumu yatima. Mpe daftari la duka alifunge kila jioni. Hapo hesabu yake itakuwa ibada.

Wabillahi tawfiq.