Kuikagua 070 Iliyofufuliwa

Ukiletewa chensoo ya zamani inayosemekana imefufuliwa, igeuze juu chini kabla hujaisifu. Rangi huwa juu. Tabia ya fundi huwa chini. Tazama vichwa vya skurubu. Vikiwa vimeliwa na bisibisi isiyo saizi yake, jua kuna mtu alifungua kwa nguvu, na aliyefungua hivyo huenda alifunga hivyo hivyo. Bodi ya mashine hizi ni ya magnesi, madini mepesi ambayo nyuzi zake huvuliwa upesi skurubu ikikazwa kupita kiasi. Fundi mzuri hutoboa tundu na kulivisha nyuzi mpya za chuma. Fundi mvivu hujaza gundi, na gundi hiyo hushika hadi injini ipate moto.

Mfano wangu ni Stihl 070, kwa sababu ndiyo mashine kongwe ambayo msomaji wa Kiswahili ana uwezekano mkubwa wa kukutana nayo bado ikiwa kazini. Ilitoka Ujerumani mwaka 1968, ikiwa mrithi wa Contra ya 1959, na kutoka kwa Contra ikarithi injini ya sentimita za ujazo 106: pistoni yenye upana wa milimita 58 inayopanda na kushuka milimita 40. Uzito wake unapita kilo 10. Ni hiyo iliyozoeleka kwa wapasuaji wa mbao wa msituni mashariki mwa Congo, ambako mbao huvuka Uganda hadi masoko ya Kenya, na wapasuaji wa Tanzania nao wanaijua kwa sauti tu. Anayeitaka leo huwa na sababu moja kati ya mbili: anataka nguvu ya kupasua gogo nene kwa urefu wake, au ameipenda tu. Wote wawili wanahitaji ukaguzi uleule.

Kwanza hakikisha ni 070 kweli. Nakala zake zimejaa madukani, nyingine zimetengenezwa vizuri kiasi, nyingine zina chuma kilichojaa vitundu kama mkate. Spea halisi za familia hii hubeba namba zinazoanza na 1106, zikiwa zimetokea kwenye chuma chenyewe, kingo zake zikiwa safi. Mwigaji naye anaweza kuandika namba, kwa hiyo usiishie hapo. Angalia ndani ya kifuniko cha stata, mahali ambapo hakuna anayejali urembo: je, kingo zimelainishwa? Matundu ya skurubu yamekaa katikati ya vinundu vyake? Ukikuta maandishi yanayotaja Ujerumani Magharibi, sehemu hiyo ilitengenezwa kabla ya nchi ile kuungana mwaka 1990. Mchanganyiko wa spea halisi na za kuiga si dhambi, mradi muuzaji akuambie ipi ni ipi na bei iseme hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye moyo wa kazi, na hapa ndipo ninapotaka utumie muda wako mwingi. Injini hii ni ya mipigo miwili. Chumba cha krenki chini ya pistoni si kasha tu la kushikilia beringi, ni pampu. Pistoni ikipanda, chumba hicho huvuta hewa na mafuta kutoka kwenye kabureta. Ikishuka, huvisukuma kwenda juu kwenye silinda. Pampu inayovuja haiwezi kupima. Hewa ikiingia kwa mlango wa nyuma, mafuta yanakuwa haba ndani ya hewa nyingi, na kwa kuwa oili ya kulainisha imo ndani ya petroli, upungufu wa petroli ni upungufu wa oili pia. Injini inapata moto, inazunguka kwa kasi kuliko kawaida, inasikika tamu kwa muda mfupi, kisha pistoni inakwaruza silinda. Mashine nyingi zilizofufuliwa hufa tena kwa njia hii ndani ya msimu mmoja, zikiwa na rangi yao mpya.

Mlango huo wa nyuma mara nyingi ni sili mbili za krenki, moja nyuma ya gurudumu la sumaku na nyingine nyuma ya klachi. Mpira wake ukizeeka hukauka na kuwa mgumu. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza fundi ni hili: uliipima kwa presha? Aliyeipima atakueleza bila kusitasita. Huziba njia ya kabureta na ya eksozi kwa vipande vya mpira, husukuma hewa hadi karibu nusu ya baa moja, kisha hutazama kipimo kama kinashuka. Halafu hufanya kinyume chake, huvuta hewa itoke, kwa sababu mdomo wa sili unaweza kuzuia hewa isitoke lakini ukairuhusu iingie. Wengi hufanya nusu ya kwanza tu na kuridhika. Anayefanya zote mbili, kisha akapaka povu la sabuni kwenye maungio kutafuta vipovu, huyo mpe heshima yake na bei yake.

Baada ya hapo fungua eksozi. Ni skurubu chache tu, na muuzaji anayekataa amekwisha kukujibu. Kupitia tundu lile utaiona pistoni ubavuni. Unachotaka ni uso wa kijivu uliolainika, labda na mistari myembamba ya zamani isiyokwaruza kucha. Mikwaruzo mipana upande wa eksozi husimulia joto na mafuta haba. Mikwaruzo upande wa kabureta mara nyingi husimulia vumbi lililopita kwenye chujio. Mikwaruzo pande zote husimulia petroli iliyotiwa bila oili. Pistoni mpya kabisa nayo iulizie: iliyotangulia iliondolewa kwa nini, na chanzo kilitibiwa?

Silinda ina kosa lake maalumu ambalo mafundi wetu wa pikipiki hulifanya kwa nia njema. Silinda nyingi za pikipiki zina ala ya chuma ndani, na zikichakaa huchongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi. Silinda ya chensoo ni alumini iliyovikwa ngozi nyembamba ya kromi au madini magumu kama hayo. Ukiichonga umeichuna ngozi. Alumini ya pistoni iliyoganda juu ya ngozi hiyo huondolewa kwa tindikali, kidogo kidogo, kwa ncha ya pamba, bila kuiacha iguse bodi ya magnesi. Nimeona kazi hii ikifanywa kwa subira kubwa: fundi anapaka, anasubiri povu litulie, anafuta, anapitisha ukucha, anarudia, hadi ukuta ung'ae sawasawa toka juu mpaka chini. Msasa mnene hufupisha kazi hiyo na kuacha alama za kuvukana utakazoziona ukimulika kwa tochi.

Kabureta yake ni Tillotson, aina inayotumia utando mwembamba badala ya boya, ndiyo maana mashine hukata hata ikilazwa ubavu. Utando wa zamani hukakamaa. Mzuri hulainika kidoleni. Moto wa plagi unataka nafasi ya milimita 0.5 hivi. Hayo ni mambo ya dakika chache.

Kuhusu rangi, mimi ni mtu wa kupunguza. Napenda mashine inayoonyesha umri wake kwenye mpini na kwenye kona, ilimradi unga mweupe wa kutu ya magnesi uwe umekwanguliwa wote kabla ya kupakwa chochote. Rangi nene kwenye mapezi ya silinda huzuia joto kutoka. Rangi iliyofunika namba ya mashine inanitia shaka kubwa zaidi, maana huenda kuna historia ambayo mtu hakutaka isomwe.

Cheni usiihukumu kwa ukali unaousikia kidoleni. Linganisha urefu wa meno ya kushoto na ya kulia. Yakitofautiana, msumeno utapinda njiani. Kwa cheni nene ya kawaida ya 070 tupa ya mviringo ni ya milimita 5.5. Kwa kukata gogo kimkato, jino hunolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi. Kwa kupasua mbao kwa urefu, wapasuaji hushuka hadi karibu 10, na ubao hutoka na uso laini zaidi. Jino hili lenye mkunjo tuna deni nalo kwa Joseph Cox, mkata magogo wa Oregon ambaye katika miaka ya 1940 alimtazama buu wa mdudu akitafuna mti kushoto na kulia, akaiga taya zake.

Jambo moja fundi mwadilifu hukuambia kabla hujauliza: hizi mashine za zamani hazina breki ya cheni kama za leo, na mitetemo yake ikizidi huharibu mishipa ya vidole. Chuma cha kukamata cheni inayokatika na kinga ya mkono lazima viwepo na viwe vimekazwa. Kama vimetolewa ili mashine iwe nyepesi, virudishwe kabla fedha hazijahama mkono.

Mwisho, iwashe ikiwa baridi na uiache ipate moto. Elekeza ncha ya baa inayobeba cheni kwenye kipande cha kadibodi na upige resi: mstari mwembamba wa oili lazima ujitokeze. Ikiachiwa kuunguruma taratibu, cheni isimame kabisa. Kwa resi ya mwisho bila mzigo, sauti iwe na mgugumo mzito kidogo, kisha inyooke ikiingia kwenye mti. Kata vipande viwili vitatu, uachie resi ghafla, na usikilize. Mwendo ushuke papo hapo. Ukibaki juu kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia, kuna hewa inayoingia mahali fulani. Zima, mrudishie fundi, na muulize tena kuhusu kile kipimo cha kuvuta hewa.