Kinachopimwa na Njia ya Kukipima: Uhakiki wa Muda wa Ziada katika Mitihani ya Vyuo Vikuu

Uhakiki huu unalenga dhana iliyozoeleka katika vyuo vikuu kwamba mwanafunzi mwenye usonji, disleksia au tatizo la umakini hutendewa haki anapoongezewa muda wa mtihani. Nyongeza hiyo humfaa asomaye polepole. Hata hivyo, inachukulia kwamba kikwazo ni saa peke yake, na inaliacha umbo la mtihani bila kuhojiwa.

Kesi ya Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza inadhihirisha upungufu huo. Mwanafunzi wa fizikia wa mwaka wa pili, mwenye hofu kali ya kijamii, alitakiwa kuhojiwa ana kwa ana kuhusu majaribio ya maabara na kuwasilisha kazi ukumbini. Alijitoa uhai Aprili 2018. Mwaka 2022 mahakama iliamua kuwa chuo kilikiuka Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Februari 2024 Mahakama Kuu ikatupilia mbali rufani ya chuo.

Hofu ya kijamii kwa kawaida haihesabiwi miongoni mwa tofauti za kinyurolojia, lakini hoja ya kisheria inawahusu wanafunzi wote hao. Sheria hiyo hailazimishi chuo kurekebisha kiwango cha umahiri. Wajibu wa marekebisho unahusu njia ya kuuthibitisha umahiri huo. Chuo kilitetea upimaji wa mdomo kuwa sehemu ya umahiri wenyewe, na utetezi huo haukukubaliwa. Kwa mantiki hiyo, kumwongezea mwanafunzi yule dakika za mahojiano kungerefusha hofu yake tu, ilhali ujuzi wake wa fizikia ungeweza kupimwa kwa maandishi.

Wapo wanaohofia kuwa kubadili njia kunashusha viwango. Hofu hiyo ina mashiko pale ambapo njia ndiyo umahiri: mkalimani hana budi kupimwa akizungumza. Nje ya hali hizo, mhadhiri anayeshikilia njia moja anapaswa kuonesha inapima nini ambacho njia nyingine haiwezi kukipima.

Hivyo basi, inapendekezwa kuwa kila muhtasari wa kozi utenganishe umahiri unaopimwa na njia ya kuupima, kabla mwanafunzi yeyote hajalazimika kuomba marekebisho.