Msimu Usio na Shabiki: Uhakiki wa Filamu ya The Last Dance

Kazi ninayoihakiki ni filamu ya matukio halisi yenye sehemu 10, iliyoongozwa na Jason Hehir. Ilianza kuoneshwa Aprili 2020, wakati watu walikuwa wamejifungia ndani kwa sababu ya UVIKO-19 na viwanja vya michezo viko kimya. Inasimulia msimu wa 1997/98 wa Chicago Bulls, timu ya Michael Jordan, msimu ambao kocha Phil Jackson alikuwa amekwisha kuambiwa kuwa hatabaki hata akishinda mechi zote 82. Hapa Kigali sisi tunaofuatilia mpira wa kikapu tumeitazama, wengine zaidi ya mara moja, na tukibishana habari za Jordan ushahidi wetu hutoka humo. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa timu hiyo ilipocheza. Kwa hiyo filamu imekuwa ndiyo kumbukumbu yetu, na kumbukumbu ya kuazima inafaa ikaguliwe kabla ya kuvaliwa.

Hoja yangu ni hii: filamu imesimulia msimu mzima bila kumpa nafasi shabiki, mtu aliyeuishi msimu huo siku kwa siku. Sidhani kwamba alisahauliwa. Naona msuko wa filamu wenyewe haukuwa na mahali pa kumweka.

Tuanze na msuko. Filamu inatumia mbinu rejeshi kupita kiasi. Mstari wa miaka unatokea kwenye kioo, tunavutwa kutoka 1998 hadi 1984, tunarudi, tunapelekwa 1991, tunarudi tena. Mbinu hii ina faida: kila jeraha la 1998 linapata asili yake. Lakini inaua taharuki. Kila mechi ya msimu ule inaletwa kama ushahidi wa jambo ambalo msimulizi amekwisha kulijua, yaani kwamba Jordan atashinda. Shabiki hakujua. Shabiki wa Chicago alianza msimu tarehe 31 Oktoba 1997 kwa kuiona timu yake, bingwa mtetezi, ikifungwa na Boston 92 kwa 85. Baada ya mechi 15 alikuwa ameshinda 8 na kupoteza 7. Scottie Pippen, mchezaji wa pili kwa ubora, alikuwa nje: alikuwa amechelewesha upasuaji wa mguu hadi karibu msimu uanze, kwa hasira ya mkataba uliomlipa kidogo, na Novemba hiyo alitamka kwamba anataka kuuzwa. Mtu aliyekuwa akifungua gazeti asubuhi ya siku zile alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba nyumba inaungua. Filamu inayaeleza mambo haya, tena vizuri, ila inayaeleza kwa utulivu wa mtu anayesimulia ajali akiwa ameshafika nyumbani salama.

Kuna mechi mbili ambazo zinanionesha tofauti hii kuliko zote. Bulls na Utah Jazz walimaliza msimu wa kawaida sawasawa, kushinda 62 na kupoteza 20. Lakini mwanzoni mwa 1998 walikuwa wamekutana mara mbili, na mara zote mbili Utah walishinda. Kwa sababu ya mechi hizo mbili, fainali ilianzia Utah, na kama ingefika mechi ya saba, ingechezwa huko huko. Kwa hiyo tarehe 14 Juni, katika mechi ya sita, Bulls wakiwa nyuma kwa pointi moja na sekunde zinayoyoma, Jordan alipompokonya Karl Malone mpira na kwenda kufunga kikapu cha 87 kwa 86 zikiwa zimebaki sekunde 5.2, shabiki alikuwa akikumbuka usiku wa kawaida kabisa wa miezi iliyopita. Alijua kilichokuwa kikingoja kama mpira ule ungegonga chuma na kutoka. Filamu inatuonesha kikapu kutoka kila upande, lakini zile mechi mbili haizipi uzito. Mimi nasema bila hizo kikapu kile kinabaki kuwa picha nzuri tu.

Suala la mtazamo wa masimulizi ni zito zaidi. Picha za chumba cha kubadilishia nguo zilipigwa msimu ule ule na wapiga picha wa ligi, zikakaa kabatini miaka mingi hadi Jordan mwenyewe alipokubali zitumike. Washirika wake wa biashara wamo katika orodha ya watayarishaji. Hilo tungeweza kulivumilia. Tawasifu nyingi zimeandikwa hivyo na tunazisoma. Kinachonisumbua ni kishikwambi. Mara kadhaa Jordan anapewa kishikwambi atazame wenzake wanavyosema juu yake, kisha kamera inamngoja ajibu. Gary Payton anaeleza jinsi alivyomkaba katika fainali ya 1996, Jordan anatazama na kucheka hadi anaegemea kiti. Inachekesha, sikatai. Lakini fikirieni riwaya ambamo kila mhusika akimaliza kusema, mhusika mkuu anapewa ukurasa amsahihishe. Jerry Krause, meneja mkuu aliyeijenga timu ile na ambaye filamu imempa nafasi ya mhusika mpinzani, alifariki mwaka 2017. Hakuna aliyempelekea kishikwambi.

Na shabiki je? Anaonekana, akiwa umati. Zaidi ya watu 20,000 wanasimama na kupiga kelele pale United Center, kisha kamera inaondoka. Katika viti vya mahojiano, anayekaribia kuwa shabiki wa kawaida ni Barack Obama, ambaye maandishi chini ya picha yanamtambulisha kuwa mkazi wa zamani wa Chicago. Ni utani wa mwongozaji, na ni utani mzuri. Lakini unasema mengi kwamba mkazi wa Chicago aliyepata kiti cha kukumbuka Bulls ni yule aliyekuwa rais wa nchi.

Rafiki yangu mmoja darasani alinipinga hapa. Alisema masimulizi ya shujaa ndivyo yalivyo, hata tendi zetu haziwaulizi watazamaji. Nilimrudisha kwenye Utendi wa Fumo Liyongo wa Muhamadi Kijumwa. Liyongo ameuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba, amepiga goti kisimani na upinde mkononi, na watu wa mji wanashindwa kuteka maji kwa kuwa wanadhani yu hai. Wanapata shida ya kiu. Wanamwendea mama yake aje ambembeleze. Hapo mtunzi amefanya jambo ambalo filamu ya saa zaidi ya nane haikulifanya: ameonesha ukubwa wa shujaa kwa kupitia ndoo tupu za majirani. Rafiki yangu hajakubali bado.

Sitaki nieleweke kwamba filamu ni mbovu. Mwisho wa sehemu ya saba, Jordan anapoulizwa kama ushindi ulimgharimu sifa ya kuwa mtu mwema, anajibu kwa hasira na uchungu hadi machozi yanamlenga na anaomba wapumzike. Hapo silaha zote zimeanguka, na hakuna mbinu rejeshi inayokuja kumwokoa. Kama sehemu zote 10 zingekuwa na ujasiri huo, nisingeandika makala haya.

Ila naifikiria filamu hii kila ninapofuatilia msimu. Mechi ya jioni huko Chicago kwetu huwa saa tisa au saa kumi usiku, na anayeifuata timu ya huko kutoka hapa huamka kusoma matokeo kwenye simu kabla ya kunawa uso. Mara nyingi ni matokeo yasiyo na maana kwa yeyote mwingine, na kesho yake anaamka tena.

Filamu inaishia Juni 1998 na maelezo ya nani alikwenda wapi. Jackson aliondoka, Pippen akapelekwa Houston, Rodman hakurudishwa, na Januari 1999 Jordan akatangaza kustaafu. Mgogoro wa wamiliki na wachezaji ukaupunguza msimu uliofuata hadi mechi 50. Bulls walishinda 13, wakapoteza 37. Kulikuwa na watu waliozifuatilia zote 50, na hao ndio ningependa kuwaona wamekaa kwenye kile kiti.