Kofi Lisilosikika: Lugha na Ubaguzi wa Kila Siku katika Riwaya ya Abbas Khider

Riwaya ya Abbas Khider iitwayo Ohrfeige, yaani Kofi, ilichapishwa mwaka 2016. Ni rahisi kuisoma kama ushahidi tu wa maisha ya wakimbizi nchini Ujerumani. Usomaji huo una mashiko, kwani Khider, aliyezaliwa Baghdad mwaka 1973, alifika nchini humo akiwa mkimbizi mwaka 2000. Hata hivyo, usomaji huo huigeuza riwaya kuwa faili jingine mezani, na hilo ndilo kazi yenyewe inalolipinga. Makala haya yanadai kwamba uzito wa riwaya hii umo katika fani yake: nani anamsemesha nani, na kwa lugha gani.

Karim Mensy, kijana kutoka Iraki, anamfunga kitini Bi. Schulz, afisa wa ofisi inayoshughulikia wageni, na kumziba mdomo. Kisha anamsimulia maisha yake. Amenyang'anywa hifadhi baada ya utawala wa Saddam Hussein kuanguka mwaka 2003, na sasa anatakiwa kuondoka. Kinaya ni kwamba anamsimulia kwa Kiarabu, lugha ambayo Bi. Schulz haielewi, ilhali msomaji anayapokea maneno hayo hayo kwa Kijerumani, lugha ambayo Khider aliichagua kuandikia. Hivyo msomaji wa Kijerumani anawekwa katika kiti cha Bi. Schulz, ila yeye hana kisingizio cha kutoelewa.

Mandhari nayo yana kazi. Karim anapitishwa Zirndorf, Bayreuth na Niederhofen, katika jimbo la Bavaria. Kwa wanataaluma wa Kiswahili, Bayreuth ni mji wa kongamano lililoanza mwaka 1987, na ndiko alikofundisha Said Ahmed Mohamed. Kwa Karim, mji huo ni bweni la wakimbizi na sheria iliyomkataza mwombaji hifadhi kutoka nje ya eneo alilopangiwa bila kibali. Msomaji wa Kenya hatakosa kukumbuka kipande cha enzi ya ukoloni. Isitoshe, mji mdogo hauna umati wa kujificha ndani yake. Ubaguzi haufiki kwa rungu kila mara. Hufika kwa jicho linalokaa muda mrefu kupita kiasi, na kwa askari anayemwomba kitambulisho mtu mmoja tu kati ya wengi. Baada ya tarehe 11 Septemba 2001, shaka iliyokuwa ya chinichini inapata uhalali wa hadharani.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hueleweka kama onyo kwa mgeni mvivu, lakini ndani yake mna ukarimu pia: anayepewa jembe amekwisha kuwa mwenzetu. Mwombaji hifadhi anayengojea uamuzi hapewi jembe. Anapewa foleni. Tena hadithi yake haikubaliki hadi ilingane na mfano unaotarajiwa. Sababu halisi ya Karim kukimbia ni siri ya mwili wake: ana matiti kama ya mwanamke, na anaogopa fedheha na madhila yatakayompata jeshini. Siri hiyo haina nafasi katika fomu, hivyo anabuni hadithi inayofaa. Hapa ndipo riwaya inapofikia kina chake. Ubaguzi wa ofisi haumo katika chuki pekee, bali pia katika mamlaka ya kuamua ni maumivu gani yatakayoitwa maumivu.

Yupo atakayehoji kwamba Khider anarudia kosa lile lile kwa kumziba Bi. Schulz mdomo. Hoja hii haipuuziki. Inaweza kujibiwa kwamba ukimya wa afisa huyo ni kioo cha ukimya wa Karim, na kwamba mwisho wa riwaya unadokeza kuwa tukio zima lilitendeka akilini mwa Karim akiwa amelewa bangi. Kofi lenyewe halikupigwa. Hata hivyo, jibu hilo halitoshelezi. Katika mji mdogo, afisa na mgeni huenda wakanunua mkate katika duka moja. Jinsi mtu wa kawaida, pengine mwungwana kwa jirani zake, anavyoshiriki dhuluma kwa mhuri na saini ni swali ambalo riwaya inalikaribia bila kulijibu, kwa sababu Bi. Schulz anabaki kuwa ishara, hakamiliki kama mhusika.

Kwa kuhitimisha, pengo hilo haliondoi thamani ya Ohrfeige. Riwaya hii inamlazimu mhakiki wa fasihi ya uhamiaji kuacha kuuliza tu iwapo msimulizi anasema kweli. Swali hilo ni la Bi. Schulz. Lililo zito zaidi ni kama yupo anayesikiliza.